Dawa Isiyotajwa

Bronx, 28 Januari 1978

Dada Eduvigis,

Nipe baraka, Dada. Telegramu yako kutoka kisiwani ilifika Jumanne. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi, koti bado mwilini, na hayo maneno yake matatu, "Mtoto amefika salama," nimeyarudia labda mara ishirini. Shemeji yako Efraín anakusalimu sana. Siku hizi yuko zamu ya mchana, kwa hiyo jioni tunaonana, ingawa hakuna kikubwa cha kuona maana tunakaa ndani na kofia. Mtambo wa kupasha nyumba joto umekufa tangu Jumamosi. Mwenye nyumba anasema fundi yuko njiani. Nadhani anakuja kwa magoti.

Sasa nikueleze vizuri, maana siku ile uliponipigia kutoka dukani hatukuwa na nafasi. Desemba pekee Zoraida alibanwa na pumu mara sita. Mara ya sita midomo yake ilikuwa ya buluu, na mimi nilikuwa nimemshika nikishindwa hata kupiga kelele. Baada ya hapo daktari wa kliniki alinikalisha akanitajia vinavyoleta pumu: baridi, vumbi la godoro, mavi ya mende, ukungu wa ukutani, manyoya ya wanyama, mafua, kukimbia, kucheka sana, kulia sana. Nilimuuliza, sasa mtoto afanye nini, akae kama sanamu? Hakucheka.

Kisha akasema pumu hufuata damu, akauliza kama mimi niliwahi kuugua. Nikamwambia ndiyo, mpaka miaka minane, halafu ikaondoka. Akauliza iliondokaje. Nikasema dada yangu anajua. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, sijui nini.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, Dada. Wewe na Mama mlinipa nini? Mimi sasa ni mtu mzima wa miaka thelathini, siyo mtoto wa kupakwa dawa nimelala. Niandikie.

Kile kipulizio nilichomfungia kwenye soksi avute mara mbili akibanwa, isizidi mara nne kwa siku. Wanyama wasimkaribie. Wala Bi Monserrate na vichupa vyake vya uganga.

Mdogo wako,
Iluminada


Adjuntas, 9 Februari 1978

Mdogo wangu Ilu,

Mungu akubariki na akupelekee huyo fundi. Mimi mzima, goti tu linanisumbua mvua ikikaribia. Kuku wanataga. Kahawa imeanza kutoa ua, mteremko wote unanukia, na mwanao aliniuliza ni nani kamwaga manukato. Anakula ndizi na samaki wa chumvi kana kwamba huko kwenu mlikuwa mnamlisha karatasi.

Nisikufiche, alibanwa. Tarehe mbili tuliwasha moto wa sikukuu ya Candelaria kama kila mwaka, matawi makavu ya shamba zima, na nilimkalisha mbele aone vizuri. Mimi na akili zangu. Moshi ukageuka upande wetu, na muda si muda kifua kikawa kinapiga filimbi. Akavuta kipulizio chako, ikapungua nusu. Nikampa kikombe kidogo cha kahawa chungu, ile tuliyokuwa tunampa baba akibanwa kifua, ikapungua nusu nyingine. Usinigombeze, nimeshajigombeza.

Katika orodha yako ndefu ya daktari nimetafuta neno "moshi" sikuliona. Mende wamo, kicheko kimo, moshi haumo. Daktari wako hajui moshi? Na nikuulize tu, Efraín bado anavuta sigara? Maana nguo za mtoto nimezifua mara tatu. Jana kaniambia, "Mama mkubwa, nyumba yako hainuki baba." Alisema hivyo tu, akaendelea kumenya chungwa lake.

Ama swali lako, unajua jibu. Dawa ya pumu ikitajwa kwa mgonjwa, pumu inarudi kudai chumba chake. Wewe hujui ulichopewa, na ndiyo maana unapanda ngazi zako tatu za huko bila kuhema. Mgonjwa haulizwi uji. Unataka nikufungulie mlango ule kwa sababu ya karatasi ya daktari?

Bi Monserrate anakusalimu. Anasema vichupa vyake vilikutunza.

Dada yako,
Eduvigis


Bronx, 1 Machi 1978

Dada Eduvigis,

Nipe baraka. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya theluji. Siku mbili mji mzima ulizikwa, kiwanda kilifungwa, nasi tukakaa ndani tukitazamana. Mtambo umetengenezwa ukaharibika tena. Mama Otero wa ghorofa ya chini amevunjika mkono. Mende wetu, nasikitika kukujulisha, hawakupatwa na baya lolote.

Kuhusu moto wa Candelaria sisemi kitu. Kitu nilichotaka kusema nimekikata mara mbili.

Daktari kanifundisha zoezi, mfundishe Zoraida. Akae wima, mabega yateremke, avute hewa kwa pua taratibu akihesabu mpaka mbili, kisha aitoe kwa mdomo kama anayepuliza supu ya moto, akihesabu mpaka nne. Hewa haikosekani kuingia, anasema daktari, inakosa kutoka. Hilo nimelifikiria sana nikiwa kwenye cherehani. Tena anasema zoezi halichukui nafasi ya kipulizio, ni la kumsaidia asiingiwe na hofu.

Unapika bado kwa kuni? Nimekumbuka jiko letu, masizi yalivyokuwa yananing'inia darini kama nyuzi. Na kitanda chake kiko wapi? Kama ni kile chumba cha nyuma, ukuta wake ulikuwa unatoa jasho mwaka mzima.

Dada, umenijibu kama Mama. Daktari hakuuliza kwa udaku. Kama ulinipa jani fulani nataka kulijua, kwa sababu ni kifua cha mwanangu. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakuwa na mzaha. Wewe ndiye ulinilea baada ya Mama, wewe ndiye ninayekuamini kuliko mtu yeyote, na unanijibu kwa methali.

Iluminada


Adjuntas, 27 Machi 1978

Mdogo wangu,

Mungu akubariki, na heri ya Pasaka. Tulifunga vizuri, tulikula maharage matamu, na Zoraida alibeba tawi lake kanisani akalichapia watoto wengine. Padri aliona akageuza uso. Ni damu yetu kabisa.

Barua yako ilinikera siku mbili, ya tatu nikaangalia dari. Una haki kuhusu masizi. Nimeuza jogoo wawili na mbuzi mmoja, sasa nina jiko la gesi, na mafiga nimeyatoa nje wapumzike. Kitanda nimekihamishia chumba cha mbele, mbali na ukuta. Magodoro yanaanikwa juani kila Jumamosi, shuka zinachemshwa. Jioni namfukizia majani ya mkaratusi, siyo karibu sana maana mara ya kwanza mvuke ulimfanya akohoe zaidi. Asubuhi anakunywa asali na kitunguu, anakunja uso. Supu yako anaipuliza, anaihesabu kwa sauti na kunilazimisha nihesabu naye. Haya yote nakutajia kwa sababu siyo dawa, ni usafi na chakula.

Na bado, Ilu, sielewi. Mwanzo wa Machi alikuwa anaendelea vizuri. Hizi wiki mbili asubuhi anaamka anahema, macho yamevimba, anapiga chafya kumi mfululizo. Moshi umeondoka, ukungu umeondoka, vumbi limeondoka, kilichobaki ni nini? Ubichi wa mlimani? Ua la kahawa? Bi Monserrate anasema kinachotoka lazima kichafue njia kwanza. Jambo jingine tumelianza, linahitaji muda, usiniulize.

Nami nilikuuliza swali mwezi uliopita, ukanijibu kwa theluji. Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu. Sisemi zaidi.

Naambatanisha mchoro aliokuchorea. Sikuutazama vizuri, dereva wa posta alikuwa anapiga honi.

Eduvigis


Bronx, 14 Aprili 1978

Eduvigis,

Nimepokea barua na mchoro.

Katika mchoro kuna nyumba, kuna wewe na kilemba chako, kuna kitanda, na kitandani amelala mwanangu. Kando ya kichwa chake, juu ya mto, kuna kitu chenye masikio mawili, miguu minne na mkia. Chini kaandika jina: Motita. Nilidhani ni mwanasesere. Nyuma ya karatasi kaandika, "Mbwa wangu Motita analamba pua yangu."

Niliandika wanyama wasimkaribie. Ni katika mistari ya mwisho ya barua yangu ya kwanza, siyo mahali pa kufichika. Unaanika magodoro Jumamosi halafu unamlaza na mbwa siku saba. Nimempelekea daktari mchoro ule. Aliutazama akasema, "Bibi, unahitaji ushauri wangu kweli?" Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nifike nchi hii.

Mtoe huyo mbwa. Leo hii hii. Mtoto akilia, alie.

Iluminada


Adjuntas, 30 Mei 1978

Mdogo wangu Iluminada,

Mungu akubariki, ingawa safari hii hukuomba. Nimeona pengo pale juu ya barua, likaniuma kuliko maneno yaliyofuata. Ulianza kuniomba baraka kabla hujajua kutembea.

Habari za hapa: mvua za Mei zimeharibu barabara, ndiyo sababu mojawapo ya kuchelewa kwangu. Sababu nyingine ni kwamba sikujua niandike nini. Mjane wa Don Fermín kaolewa tena, na mwanamume aliyefiwa kama yeye, na wengine wawili waliofiwa wamebaki hawana wa kuwapikia, maana aliyekuwa anawapikia wote ni yeye. Zoraida kapoteza jino.

Mbwa ameondoka. Aliondoka tarehe 29 Aprili. Yuko Jayuya, kwa mwanamke mmoja mwokaji mikate, mtu safi. Barua yako nilikuwa nayo tangu tarehe ishirini na mbili, na siku zote hizo nilimwacha. Sikuweza kumtoa kabla ya wakati wake. Wiki ya mwisho mbwa mwenyewe alianza kukohoa, akikoroma kama birika, na Bi Monserrate kaweka sikio ubavuni mwake akasema sasa. Hapo nikampeleka.

Nawe sikiliza hili, ukiwa umekaa. Tangu siku ile ni mwezi mzima na siku moja, Zoraida hajabanwa hata mara moja. Kipulizio kiko kwenye droo. Asubuhi anaamka pua kavu. Jumapili walishindana na watoto wa jirani kupanda mteremko wa kahawa mpaka kwenye tangi la maji, akawa wa pili, na nilimwekea mkono mgongoni nikasikia moyo tu unakimbia. Kifua kimya. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo.

Sasa utasema ulikuwa na haki. Na mimi nitasema nilikuwa na haki. Tusemeje?

Eduvigis


Bronx, 12 Juni 1978

Dada yangu,

Nipe baraka, na unisamehe kwa ile barua. Mwezi na siku moja. Nimemsomea Efraín, nimemsomea Mama Otero, nimewasomea wasichana wa kiwandani mpaka msimamizi akaja kuuliza ni nani kafariki. Nililia kwa furaha juu ya kola za mashati ya watu.

Daktari anasema bila shaka, manyoya yametoka, mtoto kapona, hesabu rahisi. Nikamuuliza, lakini Desemba hatukuwa na mbwa, na ndipo alipokuwa buluu. Akasema pumu ina milango mingi. Nikauliza, sasa upi ndio umefungwa? Gesi? Godoro? Hewa ya mlima? Au amekua tu? Akasema huenda yote, huenda baadhi, na kwamba niendelee kutunza kipulizio kwa sababu kifua kimya siyo kifua kilichopona. Nilitoka pale najua zaidi na naelewa kidogo kuliko nilivyoingia.

Kuna neno lako moja linanizunguka kichwani. "Kabla ya wakati wake." Mbwa ana wakati gani? Na kwa nini mbwa akikohoa iwe habari njema? Nimejaribu kutofikiria na nimeshindwa.

Nimemkumbuka mbwa wangu Canela. Unamkumbuka? Mdogo, rangi ya mdalasini, alikuwa anajichimbia chini ya kwapa langu. Asubuhi ile niliyoacha lango wazi, nawe ukanijia uwanjani ukaniuliza, "Nani aliacha lango wazi, Ilu?" na barabarani lori la miwa limeshapita. Nilikuwa na miaka minane. Efraín hunicheka kwamba siwezi kutoka nyumbani bila kurudi mara mbili kuangalia mlango. Sijawahi kumwambia ni kwa nini.

Hebu niambie Zoraida alipokeaje kuondoka kwa Motita. Sitaki ajilaumu.

Iluminada


Adjuntas, 24 Juni 1978

Mdogo wangu,

Mungu akubariki mara mbili, moja ya leo na moja ya akiba, maana sijui kama utaiomba tena.

Leo ni Mtakatifu Yohane, watu wameteremka Ponce kuoga baharini. Mimi nimebaki na mtoto. Anga ni jeupe kama maji ya mchele. Redio inasema ni vumbi la jangwa la Afrika, limevuka bahari yote hiyo kuja kutukalia vifuani. Bi Monserrate kasema haya, sasa hata Afrika ina mkono katika pumu yetu. Watoto watano wa hapa mtaani wamebanwa wiki hii. Nilikaa karibu na Zoraida siku nne, sikio wazi. Hakubanwa.

Barua hii nimeiandika mara nne. Hii ya tano naituma hata ikiwa mbaya.

Canela hakugongwa na lori. Canela alikuwa dawa yako. Mama alimtoa kwa Bi Monserrate akiwa mtoto wa mbwa, akakulaza naye, kwa sababu mbwa mdogo akilala na mgonjwa huivuta pumu mwilini mwake, polepole, wiki kadhaa au hata mwaka. Siku anayoanza yeye kukohoa ndiyo siku imemhamia. Hapo lazima aondoke, avuke mto asirudi, na mgonjwa asijue kamwe alikuwa wa nini. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama alinipa kikapu, nikamfunika Canela kwa kitambaa, nikapanda gari la mboga mpaka Ponce, nikampa mama mmoja muuza maua sokoni. Njia nzima alilamba vidole vyangu kupitia tundu la kikapu.

Lile neno la lango sikutumwa na Mama. Nilirudi nikakukuta unamwita, unazunguka nyumba unamwita, nikaogopa utauliza, nami sijui kudanganya kwa macho makavu. Basi nikauliza mimi kwanza. Lango nililifunga mwenyewe asubuhi ile, nikiwa natoka na kikapu. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikisema moyoni kwamba pumzi yako ilistahili uongo mmoja. Ulikuwa uongo mmoja, lakini naona ulikuwa mrefu.

Nisingekuambia hata sasa. Ila siku nilipotoka Jayuya, Zoraida alikuwa anazunguka nyumba. Sikumwambia neno la lango, nakuapia. Nilisema tu Motita ameondoka. Yeye mwenyewe alisimama mbele yangu akaniuliza, "Mama mkubwa, ni mimi niliyeacha lango wazi?" Nikakuona wewe. Nikamjibu sijui. Tangu Aprili namjibu sijui, na kila asubuhi anakwenda kutikisa kitasa cha lango kabla ya kunywa maziwa.

Sasa nimekutajia. Kwa sheria ya Mama nimefungua mlango kifuani mwako. Kama itarudi, nisamehe. Kama haitarudi, basi Mama alikosea, na kama Mama alikosea, mbwa wako nilimtupa bure na lango nilikutwisha bure. Sijui niombe lipi.

Niambie nimjibu nini mtoto. Nikimwambia kweli, huenda nikamrudishia alichokwisha kukitoa. Nisipomwambia, atakuwa wewe. Wewe ndiye mama yake. Utakalosema nitalifanya, na safari hii sitauliza Bi Monserrate.

Eduvigis


Bronx, 9 Julai 1978

Dada,

Nipe baraka.

Habari nyingine za familia leo sina. Hiyo uliyoniletea inatosha.

Barua yako niliisomea kwenye ngazi, kama kawaida yangu, maana sina subira. Nilipofika kwenye kikapu nikakaa. Nilipofika kwenye lango nikawa siwezi kutoa hewa. Miaka ishirini na miwili sijawahi kubanwa, na nikaijua pale pale, kama unavyomjua mtu wa nyumbani hata akiwa amezeeka. Mama Otero alinikuta nimeshika nguzo, akanikokota ndani, nikavuta kipulizio cha akiba cha Zoraida, nikapuliza supu, moja, mbili, tatu, nne. Baada ya robo saa ikaachia.

Usianze kujipiga kifua. Asubuhi hiyo mwenye nyumba alipulizia sumu ya mende ngazi nzima. Joto la Julai hapa linakaba hata panya. Nilikuwa nimepanda ghorofa tatu mbio na mfuko wa viazi. Na nilikuwa nalia, na kulia kumo kwenye orodha. Chagua unachotaka. Mimi nimechagua kila kimoja, kila siku kimoja.

Na kuna kingine. Swali lako la Februari nalijibu sasa. Ndiyo, anavuta. Pakiti moja na nusu kwa siku, akitazama televisheni, na televisheni iko chumba anacholala mtoto, na dirisha tulilibandika karatasi kwa ajili ya baridi. Daktari alilitaja neno moshi. Lilikuwa la kwanza kabisa katika orodha yake, mimi ndiye niliyeliruka nilipokuwa nakuandikia. Nilimpandisha mwanangu ndege nikamvusha bahari kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumwambia mume wangu akasimame nje. Unaona, Dada, siyo wewe peke yako uliyekuwa na kitu cha kutotaja. Nimemwambia Efraín wiki hii. Alimaliza chakula, kisha akachukua kiti chake akakitoa kwenye roshani ya chuma. Sijui atadumu siku ngapi huko. Mpaka leo siku tano.

Kuhusu lango, sijui nihisi nini. Nimekukasirikia siku tatu. Ya nne niliwaza msichana wa miaka kumi na saba na kikapu mapajani, nikakuhurumia, kisha nikakukasirikia tena kwa kunifanya nikuhurumie. Nakupenda. Hilo halijabadilika, ila leo limechanganyika na mengine.

Sasa mtoto. Nilikuandikia ukurasa mzima kwamba mwambie leo leo, kwamba haya ni mambo ya wazee, mbwa hanyonyi pumu, manyoya yalikuwa yanamdhuru basi. Nikausoma. Nilikuwa nauandika huku kifua kinapiga filimbi. Nikauchana. Nikaandika kwamba usimwambie milele, bora apumue. Nikainuka kwenda kuangalia mlango kama umefungwa. Nikauchana na huo.

Kwa hiyo usimjibu kitu. Akikuuliza, mwambie mama anakuja. Nimeomba likizo kiwandani, nafika tarehe ishirini na mbili. Nitamwambia mwenyewe, mchana, hapo uwanjani, kwamba Motita yuko hai na kwamba lango halikuachwa wazi. Sitaruka neno. Sijui kama ninampa kitu au ninamnyang'anya, na hakuna mtu aliye hai wa kuniambia.

Nikiwa namwambia, wewe kaa karibu naye kuliko mimi, Dada. Usiseme lolote. Msikilize tu anavyopumua.

Mdogo wako,
Iluminada